Suluhu ya Mmoja, Deni la Wengine



Mwezi Aprili 1988, nchini Uingereza, fundi wa mitambo ya mvuke alikuwa mahututi kwa saratani ya utando wa mapafu. Alivuta vumbi la asbesto akiwa mwajiriwa wa kampuni ya Babcock, na sehemu ya kazi hiyo ilifanyika katika vituo vya Bodi Kuu ya Uzalishaji Umeme. Alimshtaki mwajiri peke yake. Siku chache kabla ya kufa akakubali pauni 80,000 kuwa malipo kamili na ya mwisho, ingawa dai lake lote lilikadiriwa kufikia kama pauni 130,000. Bodi ilipodaiwa, kwa niaba ya mjane wake, fidia ya kuondokewa na mtu aliyemtegemea, Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa wakati huo, likaamua mwaka 1998 kwamba dai hilo halipo tena: marehemu alikwisha kulipwa.

Malodi hawakukosa hoja. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1978 inamruhusu mdaiwa aliyelipa kumgeukia mkosaji mwenzake na kumdai mchango, hata kama mwenzake huyo alikwisha kumaliza shauri kwa suluhu. Bodi ikilipa, Babcock inafuatwa upya. Babcock ingekuwa imenunua amani isiyokuwapo. Zaidi ya hayo, fidia ya mjane isingepunguzwa kwa alichorithi, hivyo zile pauni 80,000 zingemfikia juu ya fidia mpya. Naziheshimu hoja hizi. Lakini kati ya watatu waliohusika, aliyebebeshwa mzigo ni mjane, ambaye hakuketi katika mazungumzo ya suluhu wala hakuwa na lawama yoyote.

Tuone hesabu ilivyo pale dai dhidi ya mkosaji wa pili linapobaki. Basi na lori vimegongana, abiria kaumia uti wa mgongo, na hasara yake ni shilingi milioni 100. Lawama ni asilimia 60 kwa basi na 40 kwa lori. Kabla ya hukumu mwenye basi analipa milioni 20 na kujitoa. Mwenye lori adaiwe kiasi gani?

Njia ya kwanza ni kutoa kilicholipwa. Lori litalipa milioni 80, abiria atapata haki yake yote, na kwa sheria ya Uingereza mwenye lori anaweza kumdai mwenye basi milioni 40. Njia ya pili ni kuondoa sehemu ya lawama ya aliyesuluhishwa: lori litalipa milioni 40 tu, na abiria ataishia na 60. Sheria ya jimbo la New York huondoa kiasi kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili. Kwa hiyo basi likilipa 20, lori litadaiwa 40. Basi likilipa 70, lori litadaiwa 30. Mdai hubeba hasara ya suluhu mbaya, na suluhu nzuri haimzidishii kitu.

Mahakama ya Juu ya Marekani ilichagua njia ya pili kwa mashauri ya baharini mwaka 1994, kwa kauli moja, Jaji Stevens akiandika. Katika shauri hilo, ndoana ya kreni ilikatika mwaka 1986 katika Ghuba ya Mexico wakati wa kuinua sehemu ya jukwaa la mafuta. Hasara ilikuwa dola milioni 2.1. Waliohusika na kamba za kuinulia walikuwa wamesuluhishwa kwa dola milioni moja. Kampuni ya River Don, iliyotengeneza ndoana, ikaamriwa kulipa asilimia 38 yake bila kupunguziwa hata senti kwa ajili ya milioni ile.

Kwa makampuni yenye mawakili na akiba, kanuni hiyo ni safi: kila mmoja hulipa lawama yake, na anayepatana vibaya hujilaumu. Abiria wetu hayuko hivyo. Anapatana mapema kwa sababu hospitali inadai, watoto wamerudishwa kutoka shule, na kampuni ya bima inajua hayo yote. Kumhesabia upungufu ule kuwa uamuzi wake wa kibiashara ni kuihesabu dhiki kama hiari. Ndiyo maana, kwa majeruhi, natetea njia ya kwanza: kitolewe kilicholipwa, na wakosaji wagawane wenyewe kinachobaki.

Mwaka 2002 Malodi walirudi kwenye suala hili na kulegeza kamba. Suluhu na mmoja, walisema, haiwafungui wengine ila ikiwa ilikusudiwa kuwa kipimo kamili cha hasara yote. Kwa hiyo kila kitu kinategemea hati ya suluhu, na hapa Tanzania na Kenya, ambako sheria zetu zimetokana na sheria ya Kiingereza, mawakili hutegemea hukumu kama hizo mahakamani. Hati nyingi za bima huandikwa na mlipaji, na majeruhi huletewa atie sahihi au dole gumba.

Nawaomba wanafunzi mtakaosimama upande wa majeruhi muandike mambo matatu katika kila hati: kwamba fedha hii ni sehemu tu ya hasara, kwamba haki dhidi ya wengine waliotajwa imebaki, na nani atabeba mzigo wa mchango ukidaiwa. Nawaomba pia majaji wetu, hati isiposema, wasiifasiri kwa hasara ya aliyeumia. Anayedai kwamba majeruhi aliwasamehe watu wasiokuwa mezani athibitishe kuwa majeruhi aliwajua, alielezwa kwa lugha anayoielewa, na akakubali.