Ghala ya Mtemi

Hotuba iliyosomwa mbele ya Wanachama, Tabora



Tumeombwa tuseme kwa nini watu huweza kuupenda utawala usiowapa ruhusa ya kuukataa. Jawabu tuanze kulitafuta papa hapa Unyanyembe.

Misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita kwetu, na watemi wakaitoza hongo. Amri ya mtemi ilikuwa nzito, na raia walimlimia shamba lake. Lakini nafaka ya shamba lile iliwekwa katika ghala, na mwaka wa njaa mwenye shida alikwenda ikulu (neno hili Serikali ililipata bara, kwetu sisi) akapewa. Kwa ajili ya ghala ile watu walivumilia mengi, ingawa nafaka ilikuwa jasho lao wenyewe.

Utemi uliondolewa mwaka 1963, lakini desturi ya ghala haikuondoka nao. Mwaka 1962 ilikuwa imekwisha pitishwa sheria ya kumweka mtu kizuizini bila hukumu. Mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja. Na Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba kukaa vijijini si hiari tena, bali ni amri. Watu wakahamishwa, na wengine nyumba zao zikatiwa moto. Hata hivyo, katika vijiji vile wengi walipata shule, na pengine zahanati na maji ya bomba. Mzee aliyejua kusoma kwa kisomo cha watu wazima hamsahau aliyempa kalamu.

Mwaka 1991 Tume ya Jaji Nyalali ilisikiliza watu zaidi ya 36,000, na asilimia 77 wakataka chama kimoja kiendelee. Nao wakati ule zahanati nyingi hazikuwa na dawa! Wako wasemao kwamba ile ilikuwa khofu tu. Hatukubaliani nao. Khofu ilikuwapo, lakini shukrani hudumu hata dawa zikiisha. Tume ilishauri vyama vingi, navyo vikaruhusiwa mwaka 1992.

Na sisi makarani tumo katika jambo hili. Tulipata kukaa mezani siku ya kugawa mahindi ya njaa, daftari mbele yetu. Bibi mmoja alipokwisha kutia dole gumba alipiga magoti, akamshukuru mkubwa wa mahali pale kana kwamba mahindi yametoka shambani mwake. Hatukumwambia kwamba yalinunuliwa kwa kodi, na ya marehemu mumewe imo. Tukaita jina lililofuata.