Hotuba ya Mgeni Rasmi Katika Ufunguzi wa Mafunzo ya Wafugaji wa Ng'ombe wa Maziwa, Majengo, Dodoma



Ndugu wafugaji, risala yenu nimeisikia. Ng'ombe anazaa, kondo la nyuma linabaki, usaha unatoka, na mwaka unapita bila mimba nyingine. Huo ni umaskini unaoingia nyumbani kupitia zizini.

Ndugu zangu, ng'ombe akishazaa, mlango wa kizazi hubaki wazi na bakteria huingia. Ng'ombe wengi hujisafisha wenyewe ndani ya wiki chache. Na si kila bakteria ni adui. Katika njia ya uzazi wamo pia bakteria rafiki, ingawa si wengi. Hutengeneza asidi, kama ndugu zao wanaogandisha mtindi, na kuwabana wale waharibifu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, waliwapandikiza ng'ombe wa maziwa bakteria wa jamii hiyo kabla na baada ya kuzaa. Maambukizi ya kizazi yakapungua.

Mkoani kwetu tunayo Taasisi ya Utafiti wa Mifugo, TALIRI, kule Mpwapwa, walikozalishwa ng'ombe aina ya Mpwapwa. Nawaomba wataalamu wetu walijaribu jambo hili kwa ng'ombe wetu, kwa malisho yetu na kiangazi chetu. Kabla ya hapo, mtu asimimine mtindi kwenye kizazi cha ng'ombe; atamwumiza.

Ya kufanya leo ni haya. Kwanza, ng'ombe azalie mahali pakavu na safi. Pili, kondo likipitisha saa 24, mwiteni daktari wa mifugo. Msilivute, wala msilishike kwa mikono mitupu: ugonjwa wa kutupa mimba humpata na binadamu. Tatu, msichome antibiotiki kwa kubahatisha. Huua rafiki pamoja na adui, huwajengea vimelea usugu, na mabaki yake huingia kwenye maziwa wanayokunywa watoto wetu. Maziwa ya ng'ombe anayetibiwa yasiuzwe hadi ziishe siku alizotaja daktari.

Kizazi cha ng'ombe ndicho mtaji wenu; kilindeni kwa usafi na elimu.

Kwa maneno hayo, natamka kwamba mafunzo haya yamefunguliwa rasmi.