Mbegu haipatane na mipaka yetu

Maneno kwa wanamemba na wafadhili, kwenye mukutano wa kumaliza musimu

Sitaongea sana, mvua iko karibu na wengi munarudi kwa miguu.

Naanza na kosa yangu. Wakati mulikuwa munatoka Tanzania kurudi huku Fizi, mimi ni mumoja wa wale waliwagawia mbegu ya hibridi. Musimu wa kwanza tulicheka. Wa pili mulipanda ile mulivuna, na muhindi ukatoka mwingine murefu, mwingine mufupi. Hibridi iko vile, inaomba kununuliwa upya kila mara. Nilifunzwa hiyo ku iniversite na sikuwaambia.

Sasa tuko na aina ya kawaida, ile inaweza kurudiliwa miaka mitatu hivi kama inachungwa. Kuichunga ndiyo shida. Vumbi ya ua ya muhindi inabebwa na upepo, kwa hiyo shamba ya mbegu inaomba kuwa mbali na muhindi mwingine meta 200 ao 300. Hapa kilimani nani ana meta 300? Wengi mulirudi mukakuta ndugu aliyebaki analima pale baba yenu alikuwa analima. Basi ni lazima kuongea naye: apande mbegu ileile, ao angoje majuma mane, ao aweke maharagi pale katikati. Kikundi kilichokaa na majirani mbele ya mvua kilipata mbegu. Kile kilipanda kwanza kisha wakabishana mipaka, mavuno yao tuliyala ugali.

Tena wamama, musichague ndani ya gala. Chagueni shina ikingali inasimama, katikati ya shamba: haikuanguka, majani haina michirizi, ganda imefunika muhindi mpaka juu. Kisha kukausha, weka mbegu na chumvi kavu ndani ya chupa, tikisa. Chumvi ikinata kwa chupa, rudisha juani.

Wafadhili, hekta moja inaomba kilo 25 hivi. Ile munanunua mujini inafika watu wamekwisha kupanda, inaliwa. Nunueni kwa vikundi hivi, mwezi wa munane, kwa bei ya mbegu. Najua mutaomba karatasi ya SENASEM. Basi lipeni safari ya mukaguzi apande mpaka huku, wakati muhindi ungali shambani.

Kesho asubuhi tunapima shamba ya chama pamoja na majirani. Kila kikundi kitume watu wawili, na mumoja awe mutu hakukimbia.