Miali na Uzito wa Uji wa Mwani



Karajinani itokanayo na mwani wa kotonii hununuliwa kwa sababu ya uzito wa uji wake na uwezo wake wa kuganda. Uzito huo huletwa na minyororo mirefu ya sukari inayosokotana majini mfano wa nyuzi za kamba. Uji ukikorogwa kwa kasi, minyororo hujipanga na uji hutiririka kwa wepesi. Ukitulia, uzito hurejea.

Miali ya gama itokayo katika Kobalti 60 huua vijidudu, wala haiuachii unga unururifu wowote. Lakini miali hiyo hiyo huikata minyororo, na uzito uliopotea hivyo haurejei hata uji ukitulia. Unga mkavu huvumilia zaidi. Ukiwa umekwisha kuyeyushwa, maji yenyewe huvunjwa na miali, na vipande vyake huishambulia minyororo.

Mwaka 1980 kamati ya wataalamu wa FAO, IAEA na WHO ilikubali kipimo cha hadi kilogrei 10 kuwa ni salama kwa chakula. Usalama wa mlaji, hata hivyo, si dhamana ya uzito wa uji. Kwa hiyo katibu anayeletewa lalamiko la uji mwepesi aulize kwanza: sampuli ilipimwa kabla ya miali, au baada yake? Mkulima asipunguziwe bei kwa kosa lisilotoka shambani.

Wala si kila mkato ni hasara. Nchini Ufilipino, karajinani iliyokatwa kwa miali hunyunyiziwa mpunga ili ustawi.