Swali la Ijumaa Kuu

Nianze na swali nililoulizwa nikiwa na miaka 13, siku ya Ijumaa Kuu, mjini Tanga. Nilikuwa natoka kanisani, uso nimeukunja kama tulivyofundishwa kuukunja siku hiyo. Bibi jirani yetu, Mwislamu, alikuwa barazani kwake na ungo wa mchele mapajani. Nikamwamkia, shikamoo bibi. Akaitikia, marahaba mjukuu wangu, mbona leo mmenuna hivyo? Nikamwambia leo ndiyo siku aliyokufa Yesu. Akauweka ungo chini. Akaniuliza polepole, tena kwa huruma: "Mjukuu wangu, Mwenyezi Mungu amwache nabii wake auawe vile?"

Sikuwa na jibu. Niliaga, nikaenda zangu nyumbani.

Tangu siku ile nimesikia majibu mengi ya swali hilo. Mengine niliyasikia viwanjani, kwenye mihadhara, vipaza sauti vikivuma hadi usiku. Mkristo kashika Kurani, Mwislamu kashika Biblia, kila mmoja anatafuta katika kitabu cha mwenzake aya ya kumnasia. Watu wanashangilia kama wako mpirani. Nimesimama pale mara nyingi, na sikumbuki hata mara moja nikisikia mtu akiuliza kama bibi yule alivyouliza, kwa kutaka kujua.

Jibu la pili ni lile la nyumbani: dini zote ni moja, Mungu ni yule yule, tusisumbuane. Najua lilikotoka. Pwani yetu ina familia ambazo mjomba ni padri na shangazi anafunga Ramadhani, na maneno hayo yametuepusha na magomvi mengi mezani. Hata hivyo siwezi kuyakubali. Ningemwambia bibi kwamba tunasema kitu kile kile, ningekuwa nimelipuuza swali lake, na Ijumaa Kuu yangu ningekuwa nimeifanya siku isiyo na maana.

Kinachotuchanganya zaidi ni kwamba tunatumia maneno yale yale. Mmisionari Krapf alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo mjini Mombasa mwaka 1844, aliyemsaidia alikuwa kadhi wa mji, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Agano Jipya la Askofu Edward Steere wa Unguja, lililochapishwa mwaka 1883, mwaka mmoja baada ya kifo chake, lilimwita Bwana wetu Isa Masiya. Naam, Isa. Babu zetu waliobatizwa na UMCA, misheni ya Kianglikana, walimwomba kwa jina hilo, na tafsiri ya Biblia ya mwaka 1952, ile tuliyokua nayo wengi wetu, ndiyo iliyotuzoesha Yesu Kristo. Imani, dhambi, malaika, nabii, mtume, Zaburi, Torati: Ukristo ulipofika pwani uliyakuta maneno haya msikitini na majumbani, ukaomba kuyatumia. Na wenyewe hawakutunyima.

Lakini neno la kuazima hubaki na mazoea ya kwao. Chukua Injili. Kwa Mwislamu, Injili ni kitabu alichoteremshiwa Nabii Isa, kama Musa alivyopewa Torati, Daudi Zaburi, na Mtume Muhammad Kurani. Kwa hiyo akikuona na vitabu vinne, vyenye majina ya Mathayo, Marko, Luka na Yohana, ana haki ya kukuuliza: na ile ya Isa mwenyewe iko wapi? Mkristo hushangaa, maana hajawahi kufikiri kwamba Yesu alipewa kitabu. Yesu hakuandika kitabu. Kwetu Injili ni habari inayomhusu, nao wale wanne ni mashahidi wanaoisimulia. Viwanjani nimewaona watu wakiitana waongo kwa neno hili moja, na kila mmoja alikuwa akisema kweli kwa jinsi anavyolijua.

Hapo ndipo ninapodhani tunakosea tunapoweka Biblia upande huu na Kurani upande ule, kana kwamba vinakaa mahali pamoja. Muulize Mwislamu Neno la Mungu limefikaje duniani. Atakueleza juu ya usiku mmoja wa Ramadhani, Lailatul Qadri, na maneno yaliyoteremshwa kwa Kiarabu, ambayo mpaka leo mtoto wa chuoni anayahifadhi herufi kwa herufi. Muulize Mkristo swali lilo hilo. Naye atakueleza juu ya usiku mmoja, Bethlehemu, lakini usiku huo amezaliwa mtoto. Kwetu Neno alifanyika mtu. Anayetaka kulinganisha kwa haki, basi aiweke Kurani mbele ya Yesu mwenyewe. Aiweke Krismasi kando ya Lailatul Qadri. Amtazame yule hafidhi anayelibeba Neno kifuani, kisha amtazame mama wa Kianglikana aliyepiga magoti kupokea mkate wa Ushirika. Ataona jinsi tulivyo karibu, na papo hapo ataona pengo lilivyo refu.

Maana pengo lipo. Tunaposema Yesu ni Mwana wa Mungu, jirani yetu anasikia kwamba Mungu amezaa, na moyo wake unastuka. Nakubali kustuka kwake. Kwa bahati njema Kiswahili kinatusaidia kidogo: mwanamaji hakuzaliwa na maji, wala mwanasheria hana mama anayeitwa sheria. Maaskofu waliokutana Nikea mwaka 325 hawakuwa wakizungumzia uzazi wa mwili. Walibishana na mafundisho ya Arius, kama Mwana ni kiumbe au ni wa asili moja na Baba, wakaamua ni wa asili moja. Lakini nikishamweleza jirani yangu haya yote, bado ataniambia kwamba hiyo ni shirki, kwani Mungu hana mshirika. Hapo hatujakosa kuelewana. Hapo tumeelewana vizuri, na tumetofautiana.

Inaniuma kwamba mara nyingi tumejifunza dini ya mwenzetu kwa ajili ya kumshinda. Kurani nzima kwa Kiswahili ilitangulia kutafsiriwa na padri wa UMCA, Godfrey Dale, ikachapishwa mwaka 1923, pamoja na maelezo yaliyokusudiwa kuwapa watumishi wa kanisa hoja za kujibu. Kazi ilikuwa kubwa. Lakini wenye kitabu hawakujiona ndani yake. Sheikh Abdallah Saleh Farsy alipokamilisha tafsiri yake mwaka 1969, Waislamu wa Kisunni walipata Kurani ya Kiswahili waliyoweza kuiita yao. Namfikiria yule kadhi wa Mombasa, aliyekaa na mgeni wakitafuta maneno ya Kiswahili kwa kitabu kisicho chake, na ninaona tuna deni kwake ambalo bado hatujalipa.

Bibi yangu yule alifariki zamani. Tulimsindikiza makaburini, vijana wa Kikristo tukipokezana jeneza na vijana wa Kiislamu, na swali lake nilikuwa nalo njia nzima. Leo ningelijibu. Ningemwambia: bibi, ninyi mnaamini Mwenyezi Mungu alimwokoa Isa asifikwe na kifo, akamwinua kwake, na wale waliodhani wamemwua hawakumwua. Mnaamini hivyo kwa sababu Mungu wenu hamtupi mja wake. Sisi nasi twaamini hakumtupa. Ila twaamini alimwacha aingie kaburini kweli, kwa sababu sisi sote tunaingia, kisha akamtoa siku ya tatu. Ndiyo maana Ijumaa tumenuna, na Jumapili utatusikia tukiimba alfajiri mpaka tukuamshe.

Kisha ningeketi pale barazani, nimsaidie kuchagua mchele, nimsikilize anavyojibu.