Samaki Wakigoma Kula

Juma hili nawapeleka mbali, Ziwa Okeechobee, jimbo la Florida, Marekani. Nilikwenda huko mwezi wa Januari kumtembelea mpwa wangu, kijana anayehudumia wazee zamu za usiku. Kwa akiba yake akanilipia siku moja ya kuvua samaki waitwao besi. (Msifikirie basi la abiria, jamani.)

Mwenye mashua alitupigia simu Jumanne: njooni kesho, maana Alhamisi baridi inaingia. Mimi nikang'ang'ania Alhamisi, nilikuwa na mizunguko yangu ya madukani.

Kule, kabla hewa ya baridi haijafika kutoka kaskazini, upepo huvuma wa kusini, wenye joto, mawingu yakatanda, na besi hula kwa pupa. Baridi ikishapita mbingu hutakata, upepo hugeuka, na samaki hugoma. Mwili wa samaki hufuata joto la maji, na ziwa lile halina kina, wastani wake haufiki mita 3, kwa hiyo hupoa upesi. Tena besi wa Florida wamezoea joto, baridi huwaumiza kuliko ndugu zao wa kaskazini.

Wavuvi wengi hulaumu mgandamizo wa hewa. Mimi nina shaka. Badiliko lake siku kama hizo ni kama uzito wa maji ya sentimita 20 tu. Samaki akipanda mita 1 amekwisha kulipita mara 5.

Tuliingia majini saa 1 asubuhi, mbingu samawati, meno yakigongana. Mwenye mashua akaweka kando vyambo vya kukimbizwa. Akafunga chubwi nzito, akaitumbukiza katikati ya majani mazito ya majini walikojificha besi, akaiacha itulie. Leo hawakimbilii chakula, akasema, lazima umwekee mdomoni.

Saa 6 nzima, kimya. Saa 7 mchana, jua lilipopasha yale majani, mpwa wangu akanasa mmoja, kama kilo 1 hivi. Mwenye mashua akampiga picha, kisha akamrudisha majini! Ndiyo desturi ya wengi kule.

"Mjomba, si tumempata?" kijana akaniambia, macho mekundu. Jioni ile akaingia zamu bila kulala.

Nusu ya fedha zake nimekwisha kumrudishia. Nusu nyingine bado.

Hadi juma lijalo.