Ngoma Kabla ya Kadi: Vikundi vya Wanawake na Nguvu ya Kukusanyika



Iko kauli inayorudiwa katika maandiko ya miradi, katika semina, na hata katika tasnifu ninazoletewa kusahihisha: kwamba kikundi cha sanaa cha jamii huleta mabadiliko kwa kufikisha ujumbe. Mwenye fedha ana ujumbe wake, wasanii wana sauti na miguu, wananchi wana masikio. Onyesho likiisha huhesabiwa watazamaji, ripoti ikaandikwa. Naipinga kauli hii, na sitaipinga kwa upole, kwa kuwa imetusahaulisha jinsi uhuru wa nchi hii ulivyotafutwa.

Historia ya TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, mnaijua. Nawaomba tusimame katika mwaka mmoja tu, 1955. Chama kilikuwa kichanga. Serikali ya kikoloni ilikwisha kuwakataza watumishi wake kujiunga na siasa, na makarani wengi waliogopa kuonekana mikutanoni. Mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akawauliza viongozi wa chama: wanawake wenu wako wapi? Ndipo likatajwa jina la Bibi Titi Mohamed. Hakuwa na umri wa miaka thelathini, elimu yake ilikuwa ya darasa la nne, na mjini alijulikana kwa kuimba. Alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba.

Mengi ya haya tunayajua kutokana na kazi ya mwanahistoria Susan Geiger, na hapa mnivumilie. Kitabu chake kuhusu wanawake wa TANU, kilichotoka mwaka 1997, nimekisoma mpaka jalada limeachana na kurasa. Geiger alikuja mwaka 1984, wakati jina la Bibi Titi lilikuwa bado halitajwi kwa sauti kubwa baada ya kesi yake ya uhaini na kifungo, akaketi naye, akamwacha aseme. Hakumkatiza ili arudi kwenye siasa. Alimwacha aeleze ndoa, mama yake, maulidi, arusi, nani alikuwa hodari wa kuimba na nani alimwalika nani. Mtafiti mwenye haraka angeyaruka hayo yote akisubiri Nyerere atajwe. Geiger aliona kwamba hapo ndipo penye jibu. Aliwahoji pia wanawake wa Moshi na Mwanza, wala hakulazimisha maisha yao yafanane na ya Dar es Salaam. Hitimisho lake lilinitikisa nikiwa mwanafunzi na halijaacha kunitikisa: wanawake hawa hawakufundishwa utaifa na chama. Walikuwa wakiuishi katika vikundi vyao, na chama kikaja kuukuta.

Alichofanya Bibi Titi ni kuwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma na taarabu. Hakuanza na hotuba uwanjani. Kiongozi akikubali, wanachama wake wanamfuata, na wao wanawavuta majirani. Mwezi Oktoba 1955 Oscar Kambona, katibu wa chama, aliandika kwamba katika miezi mitatu wanawake 5,000 walikuwa wameandikishwa.

Sasa niwaulize wale wanaoamini ujumbe. Kabla ya mwaka 1955 vikundi hivi viliimba nini? Viliimba arusi, mapenzi, vijembe kwa kikundi cha mtaa wa pili, sifa za mwenye shughuli. Hakuna aliyewatungia nyimbo za kudai uhuru. Kama nguvu ya sanaa imo katika ujumbe, basi vikundi hivi vilipaswa kuwa vitupu, na TANU ingebidi ianze kuwafundisha watu tangu mwanzo. Haikuwa hivyo, na haikuwa hivyo kwa sababu zinazoonekana. Mwanamke wa Kimanyema alikaa na Mzaramo na Mmatumbi katika kikundi kimoja, wakaimba kwa Kiswahili. Walitoa michango na kuiweka kwa mweka hazina waliyemchagua wenyewe. Walijua kuita watu mia kadhaa kwa siku mbili bila barua. Walikuwa na ruhusa ya kutoka usiku kwenda ngomani, na hakuna mume wala askari aliyeshtuka. Tena wengi walijitafutia riziki kwa kuuza maandazi, samaki au pombe, kwa hiyo hapakuwa na bosi wa kuwafukuza kazi. Ujumbe wa TANU ulipofika ulikuta nyumba imekwisha kujengwa.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mwana-lelemama, mchezaji wa ngoma hiyo ya wanawake wa pwani, huko Tanga. Alipofariki, sisi wajukuu wasomi tulikuwa bado tunapigiana simu kujadili bajeti. Wanawake wa kikundi chake, wazee watupu, walifika kabla ya mchana wakiwa na kanga za sare, wakashika jiko, wakagawana zamu, na mmoja akafungua daftari la mistari akasoma nani ametoa nini. Kikundi kilikuwa hakijacheza kwa miaka mingi. Daftari lilikuwa hai.

Mombasa inatupa ushahidi mwingine, nami nitaupitia haraka kwa kuwa mwanahistoria Margaret Strobel ameuandika vizuri. Vikundi viwili vya lelemama vilivyoshindana vikali, Ibinaal Watan na Banu Saada, ndivyo vilivyozaa vyama viwili vya wanawake wa Kiislamu vilivyoshughulikia elimu na maendeleo yao. Hata ushindani wao ulihama nao.

Najua mtanipinga kwa kunitajia kituo cha jamii cha Kamiriithu, kule Limuru, Kenya. Mtasema: tazama, mchezo wa Ngaahika Ndeenda ulikuwa na ujumbe mkali kuhusu ardhi na ujira, na leseni yake ikafutwa Novemba 1977, majuma machache tu tangu uonyeshwe. Kweli. Lakini Kamiriithu ilianza na madarasa ya kisomo cha watu wazima. Wanakijiji walijenga ukumbi wa wazi kwa mikono yao, na waliusahihisha mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ wakati wa mazoezi. Mwaka 1982 serikali haikutosheka kuzuia mchezo mwingine. Iliubomoa ukumbi wenyewe. Mchezo unaweza kupigwa marufuku kwa karatasi. Waliobomoa jukwaa walikuwa wanaogopa mkusanyiko.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu inatoka nyumbani. Wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walikwenda katika kijiji cha Malya mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakafanya sanaa za maonyesho kwa maendeleo pamoja na wanakijiji. Walitoka nje ya kijiji, na kazi yao ilikuwa na heshima. Nakubali kwamba mgeni anaweza kuchokoza jambo jema, hasa akiwaachia wenyeji kuchagua tatizo, kama ilivyofanyika kule. Nakubali pia kwamba vikundi vya zamani vilikuwa na ubaguzi na majivuno, na kwamba baada ya uhuru vilikubali kwa urahisi mno kupangwa uwanja wa ndege kupokea wageni. Nimeyapima haya kwa miaka mingi. Bado naamini kikundi kisichomiliki hazina yake, kisichoweza kumkatalia mfadhili wake, hakitabadili jamii yoyote, hata kikiimba wimbo mzuri kiasi gani.

Nawageukia wanafunzi. Wazee waliocheza katika vikundi hivi wanaondoka, na madaftari yao yanafungiwa vitumbua. Nendeni Ilala, Kariakoo, Ngamiani kule Tanga, Mji wa Kale kule Mombasa. Mkifika kwenye kikundi, msianze kuuliza kinaimba nini. Ulizeni nani anaweka fedha, nani alimchagua, na mwanachama akifiwa nani hufika kwanza. Andikeni majibu yote, na mkiruhusiwa, leteni nakala za madaftari hayo katika maktaba ya chuo hiki.